Mchezaji akianguka peke yake: achana na ulimi, bonyeza kifua

Mpira uko upande wa pili wa uwanja. Hakuna aliyemgusa, wala filimbi haijapigwa, mara mchezaji anaanguka na hainuki. Kama umewahi kusimama pembeni ya uwanja wa mtaani, unajua kinachofuata. Mmoja anapiga kelele "amemeza ulimi!", mwingine anatafuta kijiko, wa tatu anakuja mbio na chupa ya maji. Wote wana nia njema. Shida ni kwamba dakika zinakwenda na hakuna aliyegusa mahali penye tatizo, yaani kifua.

Kwani moyo umefanya nini?

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mtaani huwa tunavichanganya. Mshtuko wa moyo ni tatizo la bomba: mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo umeziba. Mara nyingi mgonjwa yuko macho na analalamika kifua kinambana. Moyo kusimama ghafla ni tatizo la umeme. Mapigo ya moyo yanaongozwa na umeme mdogo unaopita kwa mpangilio. Mpangilio huo ukivurugika, vyumba vya chini vya moyo vinaanza kutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu. Ubongo unakosa damu, na ndani ya sekunde chache mtu anazimia.

Kwa wanamichezo vijana, chanzo mara nyingi ni kasoro ya moyo iliyojificha, na nyingine ni za kurithi. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka kwenye duara la kati tarehe 26 Juni 2003 mjini Lyon, kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia. Hakukuwa na mtu karibu yake. Alifariki akiwa na miaka 28, na uchunguzi ulionyesha kuwa msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa kupita kiasi.

Mbona kama anapumua?

Hapa ndipo wengi tunapotea. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kurusha mikono na miguu kidogo, macho yakabaki wazi, na akatoa mihemo ya hapa na pale kama anayekoroma. Ukiangalia haraka unasema huyu ana kifafa, au huyu anapumua, tumsubiri. Kumbe mihemo ile si kupumua. Ni ubongo unaoishiwa oksijeni.

Ndiyo maana madaktari wa michezo wana kanuni moja rahisi: mchezaji aliyeanguka bila kugongana na mtu, na ukimwita haitikii, mchukulie kuwa moyo wake umesimama mpaka ithibitike vinginevyo.

Na ulimi je? Ulimi umeshikiliwa chini mdomoni, haumezeki. Kwa mtu aliyezimia unaweza kulegea na kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa, lakini dawa yake ni kuinamisha kichwa chake nyuma na kuinua kidevu. Ukiingiza vidole unaweza kung'atwa, na kijiko kinaweza kuvunja meno.

Mikono yako ndiyo moyo wake

Moyo ukitetemeka ovyo, kinachourudisha kwenye mpangilio ni mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Kila dakika inayopita bila msaada, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Kubonyeza kifua kunapunguza kasi hiyo, kwa sababu mikono yako inasukuma damu kwenda kwenye ubongo.

Mlaze chali. Weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyoosha viwiko. Bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila ukibonyeza, acha kifua kirudi juu. Ukichoka, mwenzako apokee bila kupoteza muda.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Moyo wake haukufanya kazi kwa dakika 78, na alishtuliwa kwa umeme mara 15. Leo yuko hai, kwa sababu kifua chake kilianza kubonyezwa palepale uwanjani na watu hawakuacha. Christian Eriksen wa Denmark naye alianguka Juni 2021, na msaada ulimfikia haraka. Miezi minane baadaye alikuwa anacheza tena, akiwa na kifaa cha kulinda moyo kifuani.

Si wapimwe tu mapema?

Kupima kunasaidia. Italia ilifanya kipimo cha moyo kuwa lazima kwa wanamichezo wa mashindano tangu 1982, na katika mkoa wa Veneto vifo vya ghafla vilipungua sana. Lakini kipimo hakikamati kila kitu. Uingereza walipima vijana wanasoka 11,168 kati ya 1996 na 2016. Baadaye wanane walifariki kwa matatizo ya moyo, na sita kati yao vipimo vyao vilikuwa vimeonekana viko sawa.

Kwa hiyo hata palipo na vipimo, bado tunahitaji watu wanaojua la kufanya pembeni ya uwanja. Kwenye ndondo zetu, ambako mara nyingi hakuna kipimo wala mashine, tunawahitaji zaidi.

Kabla ya mechi ijayo, kubalianeni mambo manne: nani atapiga simu ya dharura, gari litaingilia wapi, mashine ya karibu iko wapi kama ipo, na nani wawili watakaobonyeza kifua. Mazungumzo hayo hayachukui hata dakika tano, na yanaweza kufanyika wakati timu zinapasha misuli.