Je, Wajua? Herufi Mbili Hufichua Umri wa Bastola

Bastola nyingi za fataki zenye sura ya Colt Navy ya 1851 hazikuundwa Marekani. Zilitoka Gardone Val Trompia, Italia, miaka mia moja na zaidi baadaye. Mchoro wa silinda usikuhadae: vita vya majini kati ya meli za Texas na Mexico, Mei 1843, vilivyochongwa na W. L. Ormsby, vimeigwa kwenye nakala nyingi. Tafuta mihuri midogo ya ukaguzi kwenye fremu au mtutu. Kando yake, mara nyingi ndani ya kisanduku, pana msimbo wa mwaka: XX ni 1964, AA ni 1975.

Msimbo huo hautoshi kununulia vipuri. Jua pia kiwanda. Springi ya Uberti na ya Pietta hufanana machoni, lakini moja inaweza kukataa kabisa kukaa mahali pa nyingine. Na kama una Colt halisi, tafadhali usitupe kabari ya zamani inayoshikilia mtutu, hata ikiwa imelika. Hiyo nayo ilipigwa namba, na ikilingana na ya fremu, thamani ya bastola hupanda.