Chupa Yenye Matundu Matatu

Nimewasikia walimu kadhaa wa Garissa wakilalamika kwamba fizikia haifundishiki pasipo maabara. Sikatai kwamba upungufu upo, tena mkubwa. Baada ya walimu watatu kuuawa huko Kamuthe mnamo Januari 2020, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera, na mzigo ukawaelemea wachache waliobaki. Hata hivyo, mwalimu mwenye chupa tupu ya plastiki ana kifaa tayari.

Na aitoboe matundu matatu yenye upana mmoja: la kwanza kwenye robo ya kimo cha maji kutoka chini, la pili katikati, la tatu kwenye robo tatu. Ayazibe, aijaze maji, aisimamishe ndani ya karai pana (maji ya huko si ya kumwaga ovyo), kisha watoto wayazibue yote kwa pamoja.

Aghalabu vitabu huchora tundu la chini likirusha maji mbali kuliko mengine. Mwenye macho haambiwi tazama: katika karai lile, tundu la katikati ndilo linaloshinda, nayo maji ya juu na ya chini huangukia karibu mahali pamoja! Iweje? Maji ya chini husukumwa kwa nguvu zaidi kwa sababu yanaelemewa na maji yote yaliyo juu yake, lakini hutoka karibu mno na sakafu, yakatua kabla ya kwenda mbali. Ya juu yana safari ndefu ya kuanguka, ila msukumo wake ni dhaifu. Ya katikati yamejaliwa kiasi cha yote mawili. Chupa ikiwekwa ukingoni mwa meza, karai likaachwa chini sakafuni, ndipo mchoro wa kitabu unapokuwa kweli.

Sasa, msomaji mpendwa, mfikirie mtoto aliyeyaona haya kwa macho yake akayaandika katika mtihani. Msahihishaji ana mchoro wa kitabu mkononi. Aliyekariri atapewa alama, aliyechunguza atanyimwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ukosefu wa maabara.

Wala jambo hili si mchezo wa karai tu. Msukumo huo unaozidi kadiri kina kinavyozidi ndio wanaoukabili wahandisi wa mabwawa ya Mto Tana, kama lile la Masinga lililokamilika mwaka 1981, na watoto walioyaona mafuriko ya Garissa mwaka 2024 hawahitaji kuelezwa nguvu ya maji. Kadhalika, mama wa kifugaji anayekunja matawi kuwa matao ya aqal anajua, bila cheti chochote, kwamba tao hustahimili mzigo kuliko ufito uliolazwa. Kwa nini asialikwe darasani?

Kwa watungaji wa mitihani nina ombi dogo. Wanapochora chupa yenye matundu, waonyeshe imesimama juu ya nini, na maji yanaangukia wapi.