Buyu, ubuyu au mabuyu? Fumbo la Krismasi na somo la ngeli

MWALIMU wa Kiswahili akikutana na sentensi "Nilinunua mabuyu ya shilingi kumi" katika insha ya mwanafunzi wa Nairobi, afanye nini? Aipitishe, au alikate neno kwa wino mwekundu na kuandika "ubuyu" juu yake? Swali hili lilizuka katika familia yetu Krismasi iliyopita, na chanzo chake kilikuwa fumbo.

Tulikuwa tumekutana Kawangware, karibu na steji ya 46. Wengine walikuwa wametoka Laini Saba, Kibera. Chapati zikiendelea kupikwa, shangazi akaamua kuwatuliza watoto. "Kitendawili!" "Tega!" Akatega hivi: Mtaani mimi ni wengi, kamusini ni mmoja. Mama yangu ni mnene, hakai Nairobi. Nguo yangu nyekundu sikuzaliwa nayo. Ukishanimaliza, bado nipo.

Alidokeza tu kwamba ni kitu kitamu ambacho huuzwa kioskini. Majibu yakaanza kumiminika. "Hiyo ni peremende!" Hapana, peremende ikimalizika mdomoni haibaki kitu. "Basi ni chingamu, bana!" Jibu hili lilikaribia, maana chingamu hutafunwa hadi utamu uishe nayo ikabaki. Lakini mama yake mnene ni nani? Ndipo msichana wa gredi ya nne akasema, "Zii, ni mabuyu!" Kabla shangazi hajatamka lolote, binamu yake wa sekondari akamkata kauli: "Mabuyu ni matunda ya mbuyu. Jibu ni ubuyu. Wewe hujui Kiswahili. Toa mji!" Mtoto akanyamaza.

Tuuchambue ubishi huu. Mama mnene ni mbuyu, mti ambao shina lake huweza kuwashinda watu kadhaa kulikumbatia. Huota kwenye nyanda zenye joto kama vile Pwani, Kitui na Makueni. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ina baridi kwake. Tunda lake lina ganda gumu, na ndani mna mbegu zilizofunikwa kwa unga mweupe wenye uchachu. Watengenezaji huchemsha sukari na maji, wakatia rangi na viungo kama iliki au pilipili, kisha wakazikoroga mbegu humo hadi zishike. Hiyo ndiyo nguo nyekundu, ile inayowaachia watoto ndimi za kuwasuta wakisema hawajala kitu. Mlaji hufyonza utamu wote, mbegu ikabaki. Amemaliza, na bado ipo.

Kilichosalia ni kipengele cha kwanza, na hapo ndipo sarufi inapoingia. Kiswahili huchukua shina moja na kulivisha viambishi vya ngeli ili kuzaa majina ya vitu vinavyohusiana. Mti ni mbuyu, wingi wake mibuyu. Tunda ni buyu, wingi wake mabuyu. Zile mbegu zenye unga, zikichukuliwa kwa jumla, ni ubuyu, nao hauna wingi: ubuyu umeisha, ubuyu ni mchachu. Chombo cha kutilia maji au maziwa ni kibuyu. Utaratibu huu unajitokeza pia katika mkwaju, ambao ni mti, na ukwaju, ambao ni tunda lake; au katika mnazi na nazi.

Kwa hivyo binamu wa sekondari alikuwa na msingi. Kwa Kiswahili sanifu, mtu anayesema amekula mabuyu kumi mfukoni mwa shati amesema jambo la ajabu, kwa kuwa buyu moja tu linaweza kujaza kiganja.

Hata hivyo, muuzaji wa Kibera hauzi matunda. Anauza punje, moja moja, zinazohesabika na kugawanywa kati ya marafiki: "Nigawie mabuyu mbili." Mnenaji wa mtaani ameona vitu vingi vidogo, akavipa kiambishi cha wingi. Mombasa nako, ambako mibuyu imesimama kando ya barabara, punje hizi za rangi huitwa mabuyu. Ukivuka mpaka kwenda Tanzania, utauziwa ubuyu, na neno hilo limeota tawi jingine: katika mazungumzo ya vijana, ubuyu ni umbea. Anayeomba ubuyu huenda hana hamu ya kitu kitamu hata kidogo.

Sasa turudi kwa fumbo. "Mtaani mimi ni wengi" ni mabuyu. "Kamusini ni mmoja" ni ubuyu. Mtegaji aliyaweka majina yote mawili ndani ya swali makusudi. Aliyesema mabuyu alipata, na aliyesema ubuyu alipata. Aliyekosa ni yule aliyedhani kwamba jina moja linalifuta lingine. Shangazi aliamua hivyohivyo, na mji ukatolewa na binamu.

Je, mwalimu na wino wake? Mwanafunzi akiandika kuhusu mti na mazao yake, afundishwe kutofautisha buyu na ubuyu, kwa sababu tofauti hiyo ina maana na mtihani unaweza kuidai. Akiandika kuhusu alichonunua kioskini Kawangware, "mabuyu" ndilo jina la bidhaa hiyo hapa Kenya, na kamusi zetu zingefanya vyema kuliorodhesha kwa maana hiyo. Kinachostahili kurekebishwa ni upatanisho: aseme "mabuyu mawili", si "mabuyu mbili". Mtoto anayeambiwa hajui Kiswahili kwa kutaja anachokila kila siku hujifunza somo moja tu: kunyamaza.