Ramani inayotuhesabu tukiwa tumelala

Nambari iliyonikera ilianza na sifuri, ikafuata nukta. Nilikuwa nimebofya ramani ya kompyuta katikati ya pori la kusini mwa Tanzania, mahali pasipo nyumba wala barabara, nikitarajia kukuta patupu. Ramani ikadai kwamba yupo mtu hapo, ila hajatimia. Ni kipande cha mtu.

Aliyenitoa gizani ni dada mmoja anayetengeneza ramani jijini Dar es Salaam. Si msemaji wa ofisi yake, kwa hiyo simtaji jina. Anaanzia kwenye sensa. Ile ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, ikatoa na idadi ya kila mkoa, wilaya na kata. Lakini ndani ya kata moja wapo watu waliobanana bondeni, na yapo mashamba ambamo halali mtu. Anayepanga chanjo au uokoaji wa mafuriko anataka kujua watu wako upande gani.

Ndipo wanapoingia watafiti kama wale wa WorldPop, wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza. Hulikata eneo katika miraba ya takriban mita 100 kwa 100, kisha kompyuta hugawa jumla ya sensa mraba kwa mraba, kama mama anayepakua chakula akijua nani ana njaa zaidi. Inatazama paa na taa za usiku kwenye picha za setilaiti, umbali wa barabara, mteremko, msitu. Mraba wenye dalili nyingi za makazi hupewa watu wengi. Wenye dalili haba huambulia chembe.

Chembe hizo si haba zikijumlishwa. Chukua pori la kilomita za mraba 1,000. Lina miraba 100,000. Tuseme kila mmoja umepewa 0.01 ya mtu: tayari una watu 1,000 wasiokuwepo. Na kwa kuwa jumla ya eneo haibadiliki, dada huyu anasisitiza, kila anayepelekwa porini amenyofolewa kijijini. Zahanati ya kijiji hicho itapangiwa dawa pungufu kwa sababu ya wakazi hewa wa porini.

Dawa ya tatizo hili ipo. Kuna toleo jingine la ramani linaloweka watu pale tu palipoonekana majengo. Pori linabaki tupu, kama inavyopaswa. Ila toleo hilo nalo lina dhambi yake: nyumba ambayo haikuonekana hufutwa pamoja na waliomo. Fikiria boma la Wamasai, kuta za miti na samadi, rangi ileile ya ardhi iliyolizunguka. Fikiria kibanda cha makuti chini ya mikorosho. Nilimuuliza yeye hutumia toleo lipi. Inategemea kazi, alisema, lakini kwenye chanjo anaona heri kuzidisha. Dozi zikibaki zitarudishwa. Zikipungua, mama ataondoka na mtoto wake mgongoni bila kuchanjwa.

Jambo lililonikaa zaidi akilini ni la Kariakoo, eneo la biashara la Dar es Salaam. Karani wa sensa, kishikwambi mkononi, aliuliza ni nani waliolala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Miraba iliyojengwa juu ya sensa hiyo inatuonyesha tulipolala. Saa saba mchana mitaa ya Kongo na Msimbazi haipitiki kwa machinga, makuli, mama lishe na wanunuzi waliotoka hadi Zambia, lakini kwa ramani watu hao wako Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara. Wengine hawako nchini kabisa.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, ghorofa la maduka liliporomoka Kariakoo. Swali lililotangulia yote lilikuwa moja: ndani mlikuwa na watu wangapi? Ramani ya usingizini haiwezi kulijibu. Marekani wanayo LandScan, inayokadiria wastani wa waliopo kwa saa 24, lakini kila mraba wake una upana wa kama kilomita moja. Ukiuweka Kariakoo, unameza na mitaa ya jirani.

Ramani ya mchana ingeweza kuchorwa kwa taarifa za simu zetu za mkononi. Nani azishike? Nani atuombe ruhusa, na anayekataa afanyeje? Dada alikaa kimya kidogo, kisha akasema hilo si la mchora ramani peke yake. Nami sijapata wa kunijibu.

Sitaki msomaji aidharau kazi hii. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haijafanya sensa tangu 1984. Huko watafiti wamehesabu watu katika vijieneo vichache vya magharibi, wakakadiria waliobaki kwa kutazama majengo. Bila miraba, mpangaji wa chanjo angebaki na makadirio yaliyojengwa juu ya sensa ya zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Kwa maofisa wa halmashauri zetu nina ombi. Kabla hamjagawa vyandarua au mahema kwa kufuata miraba, mpigieni simu mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, mumuulize hapo pana kaya ngapi, na mchana hukaa nani. Tofauti mtakayoikuta iandikeni, muipeleke kwa wachora ramani.