MTU AKITOWEKA, NANI ATAMUULIZIA?

Somo juu ya inkwesti, biashara ya unga, na usalama wa mtoa habari



Siku moja tulikaa na kikundi cha akina mama tukizungumza habari ya mikopo ya mbuzi. Mkutano ulipofungwa na wenzake wakaenda zao, mama mmoja alibaki nyuma. Akatuambia polepole kwamba kijana wake na mkewe walienda mjini kutafuta kazi, wakaingia katika biashara ya unga, na sasa ni miezi mingi hawajapata habari zao. Watu wa ukoo wamemwambia anyamaze, eti mambo ya unga hayaulizwi. Halafu akatuuliza: "Kwani mtu akiwa mkosaji, akipotea haulizwi?"

Swali hilo lilitukaa moyoni, na ndiyo sababu ya somo hili. Jibu kwa ufupi ni kwamba anaulizwa. Iko njia ya kisheria ya kuuliza, na jina lake ni inkwesti. Ili tuielewe vizuri, tumechagua kisa cha mbali, cha nchi ya Australia. Tumefanya hivyo kwa makusudi. Ni kisa cha zamani, kesi zake zimekwisha, na wakubwa wake wamefariki. Hakuna jirani atakayesema tunamnyooshea kidole.

INKWESTI NI NINI?

Inkwesti ni uchunguzi unaofanywa hadharani juu ya kifo ambacho sababu yake haijulikani au inatiliwa shaka. Katika nchi nyingi zilizofuata sheria ya Uingereza, kazi hii hufanywa na ofisa anayeitwa koroneri, yaani mchunguzi wa vifo. Cheo hicho ni cha zamani sana. Kilianza Uingereza mwaka 1194, kikafika Australia, New Zealand na kwingineko pamoja na utawala wa Waingereza.

Mchunguzi wa vifo ana maswali machache tu. Aliyekufa ni nani? Alikufa lini? Alikufa wapi? Alikufaje? Huita mashahidi, husikiliza daktari aliyepima maiti, husoma taarifa ya polisi. Mwisho hutoa uamuzi wake. Tuelewane hapa, maana wengi huchanganya: inkwesti si kesi ya jinai. Kazi yake si kumfunga mtu jela. Kazi yake ni kuutoa ukweli gizani. Ukweli ukishatoka, basi mkuu wa mashtaka anaweza kuona kama kuna mtu wa kushtakiwa.

Tena inkwesti haiulizi kama marehemu alikuwa mtu mwema. Mlevi, mwizi, mbeba unga, wote huulizwa maswali yale yale manne.

MUME NA MKE WALIOSEMA UKWELI

Miaka ya 1970 kulikuwa na kundi kubwa la wauza heroini lililojulikana magazetini kwa jina la "Mr Asia". Heroini ilitoka Thailand, ikapitia Singapore, ikauzwa New Zealand na Australia, na baadaye Uingereza. Mkuu wa kundi hilo alikuwa Terry Clark, mzaliwa wa New Zealand. Alikuwa tajiri wa kutisha, na hakuwa na huruma kwa mtu wake aliyefungua mdomo.

Kati ya watu waliomfanyia kazi walikuwa mume na mke, Douglas na Isabel Wilson, nao pia wa kutoka New Zealand. Hawakuwa matajiri wa unga. Walikuwa wamenaswa na heroini wao wenyewe, kama wanavyonaswa vijana wetu wengi: anaanza kwa kutumia, halafu anabebeshwa ili apate ya kutumia.

Mwezi wa Juni 1978, wakiwa mjini Brisbane, walihojiwa na polisi wa jimbo la Queensland. Wakaamua kusema. Walieleza jinsi kundi lilivyofanya kazi, wakataja hata watu ambao Clark alikuwa amewaua. Kati ya hao walikuwemo kijana mmoja na mpenzi wake, waliotoweka mwaka 1977. Maneno yao yakarekodiwa kwenye kanda. Nao waliwaambia polisi wazi kwamba Clark akijua, watauawa.

Clark akajua. Habari za kanda zile zilivuja kutoka mikononi mwa watumishi wa serikali, zikauzwa kwa fedha, zikamfikia.

Mwezi wa Aprili 1979 mume na mke hao wakatoweka. Tarehe 18 Mei 1979 miili yao ikapatikana imefukiwa katika kaburi lisilo na kina, huko Rye, mji mdogo wa pwani kusini mwa Melbourne. Walikuwa wamepigwa risasi.

UCHUNGUZI ULITOA NINI?

Miili ilipopatikana, uchunguzi wa kifo ulifanyika Melbourne. Hapo ndipo jambo liligeuka. Swali la nani aliwapiga risasi lilikuwa kubwa, lakini nyuma yake kulikuwa na swali kubwa zaidi: muuaji alijuaje walichosema? Walisema mbele ya polisi, ndani ya chumba. Nani alitoa maneno nje?

Maswali ya namna hiyo hayakuishia hapo. Serikali ya Australia ilikuwa na idara maalum ya kupambana na madawa ya kulevya. Novemba 1979 idara hiyo ilivunjwa, na kazi yake ikapewa polisi wa taifa. Mwaka 1981 iliundwa tume ya kifalme chini ya Jaji Donald Stewart kuchunguza kundi zima la Clark. Ilitoa ripoti mwaka 1983, na ripoti hiyo haikuwaficha watumishi waliouza siri.

Na wahusika? Clark alihukumiwa kifungo cha maisha huko Lancaster, Uingereza, mwaka 1981, kwa kumuua mwenzake katika biashara. Alikufa gerezani mwaka 1983. Mtu aliyekodiwa kuwaua mume na mke wale, James Bazley, alitiwa hatiani mwaka 1986. Wale wapenzi wawili waliotoweka mwaka 1977, mabaki yao yalipatikana mwaka 1982. Miaka mitano wazazi walikuwa wakingoja.

Ndugu msomaji, tazama. Hao wawili walikuwa wakosaji mbele ya sheria, lakini kifo chao hakikutupwa kama takataka. Kiliulizwa, na kuulizwa kwake kukafichua uozo ambao ungeendelea kuua wengine.

NA KAMA MWILI HAUPATIKANI?

Hapa tuna kisa cha pili, ambacho ni ndugu wa kile cha kwanza.

Katika mji wa wakulima wa Griffith, Australia, aliishi Donald Mackay, mwenye duka la samani, baba wa watoto wanne. Hakuwa polisi. Alikuwa raia aliyechoka kuona mji wake ukiharibiwa na bangi. Mwaka 1975 alitoa habari juu ya shamba kubwa la bangi huko Coleambally, na watu wakakamatwa. Lakini wakati wa kesi daftari la mpelelezi lilionyeshwa kwa upande wa washtakiwa, na humo kulikuwa na jina la Mackay. Hivyo ndivyo walivyojua ni nani.

Jioni ya tarehe 15 Julai 1977 Mackay hakurudi nyumbani. Gari lake lilikutwa nje ya hoteli, lina damu. Mwili wake haujapatikana hata leo. Pamoja na hayo, mwaka 1984 uchunguzi wa kifo ulifanyika na ukaamua kwamba amekufa, tena kwa kupigwa risasi kwa makusudi. Mwaka 1986 Bazley, yule yule aliyewaua mume na mke, alitiwa hatiani kwa kula njama ya kumuua Mackay.

Kwa hiyo kukosa mwili si mwisho wa mambo. Ushahidi mwingine unaweza kusimama mahali pake.

HAPA KWETU KENYA

Kwetu pia inkwesti ipo. Wengi tunakumbuka Padre John Kaiser, aliyekutwa amekufa karibu na Naivasha tarehe 24 Agosti 2000. Wapelelezi wa Marekani waliandika kwamba dalili zaonyesha alijiua. Inkwesti ikafanyika Nairobi, na mwezi wa Agosti 2007 hakimu akakataa maneno hayo, akasema Padre aliuawa. Miaka 7 ilipita, lakini jina lake lilisafishwa.

Kwa muda mrefu kazi hii imefanywa na hakimu, kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Jinai, vifungu vya 385 hadi 388. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria nyingine ya kuunda huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo. Lililo muhimu kwenu ni hili: kifungu cha 386 hakizungumzi juu ya maiti peke yake. Kinamtaja pia mtu aliyetoweka na anayeaminiwa kuwa amekufa. Polisi akipata habari ya namna hiyo anatakiwa ampelekee hakimu.

Tena iko Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A. Mtu asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kusikia habari zake, sheria humchukua kuwa amekufa mpaka ithibitishwe vingine. Hakimu aliyefanya inkwesti anaweza kupendekeza muda huo upunguzwe. Hili si jambo dogo. Tunajua familia ambazo shamba liko kwa jina la aliyepotea, watoto hawawezi kurithi, akiba yake katika benki haiguswi, na mke hajui kama ni mke au mjane.

TUFANYE NINI?

1. Mtu akipotea, nenda kituo cha polisi mara moja. Usingoje "labda atarudi." Hakikisha jambo limeandikwa katika kitabu cha matukio, na ondoka na nambari ya OB. Bila nambari hiyo ni kama hukwenda.

2. Weka mahali pamoja picha yake, nambari ya kitambulisho, nguo alizovaa, nambari ya simu, na majina ya watu wa mwisho kumwona. Andika tarehe. Kumbukumbu ya kichwa huchoka, karatasi haichoki.

3. Ulizia hospitalini na pia katika vyumba vya maiti. Ni kazi chungu. Asiende mtu peke yake. Kikundi kitoe wawili wa kumsindikiza na nauli kidogo.

4. Miezi ikipita bila jibu, uliza kituoni kama jambo limefikishwa kwa hakimu. Chifu, paralegali au ofisi ya haki na amani ya parokia inaweza kukusaidia kuandika barua.

5. Ukijua habari za wauza unga, usizitangaze barazani, wala zisiandikwe katika kumbukumbu za kikundi. Jina la mtoa habari lisijulikane na katibu, mweka hazina na watoto wa mweka hazina. Tafuta ofisa mkubwa unayemwamini, useme naye ana kwa ana. Shahidi aliye hatarini anaweza kuomba ulinzi kwa Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ya mwaka 2006. Na kama unayemhofia ni polisi mwenyewe, iko mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Wazee walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Walisema pia, mficha uchi hazai. Methali hizi mbili hazigombani. Sema, lakini sema mahali panapofaa. Mume na mke wa Brisbane hawakukosea kusema. Waliokosea ni wale waliopewa siri wakaiuza. Mackay hakukosea kuulinda mji wake. Aliyekosea ni aliyeliacha jina lake wazi.

Yule mama tulimsindikiza hadi kituoni. Alipewa nambari ya OB, akaikunja ile karatasi na kuifunga katika ncha ya leso yake. Mpaka tunapoandika haya, mwanawe na mkamwana wake hawajapatikana. Lakini majina yao sasa yako kwenye kitabu, na yuko mtu anayepaswa kujibu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, hapa kwetu kuna mtu aliyepotea ambaye hakuna aliyeandikisha habari zake? Sababu ni woga, aibu, au ni kutojua?

2. Familia ikiambiwa "mambo ya unga hayaulizwi", sisi majirani tunaisaidiaje bila kuiweka hatarini?

3. Katika kikundi chetu, siri ya mwanachama hulindwa namna gani? Tuseme ukweli.