Bakteria Waliotoka Kwenye Chupa ya Maabara

Mwaka 2014 watafiti walioko Uingereza walichapisha jaribio la kuchokoza. Walichukua bakteria wa aina moja tu, Salmonella bongori, wakamzimua hatua kwa hatua, kisha sampuli zikasomwa vinasaba katika maabara tatu. Sampuli nzito hazikuwa na neno. Kadiri zilivyozidi kuwa nyepesi, wakajitokeza bakteria ambao hakuna aliyewatia. Walitoka kwenye kemikali zenyewe za kuchujia vinasaba, zinazonunuliwa zikiwa zimefungwa vyema kutoka kiwandani.

Watafiti hao hao walichambua ute wa nyuma ya pua za watoto wa kambi ya wakimbizi ya Maela, Thailand. Ilionekana bakteria wa puani hubadilika mtoto anavyokua: hitimisho tamu, tena linaloingia akilini. Kumbe kilichobadilika ni matoleo ya vifaa vya maabara. Bakteria wa vifaa walipoondolewa, tofauti ya umri ikayeyuka.

Kosa la aina hiyo halionekani kwa aliyeshika pipeti, na aliyeketi kwenye kompyuta hawezi kulinasa kama hajui sampuli ipi ilipitia kifaa kipi. Ndiyo maana kumfundisha mtafiti upande mmoja tu ni kazi nusu. Ajifunze kupitisha mrija wa maji matupu katika kila hatua, kana kwamba ni sampuli ya mgonjwa, na kuandika namba ya toleo la kila kifaa. Hapo programu za kubaini bakteria wa uchafu, kama decontam, hupata cha kulinganisha.

Barani Afrika, mtandao wa bioinformatiki wa H3ABioNet, ulioanza 2012 na kitovu chake Chuo Kikuu cha Cape Town, uliendesha kozi ya kuchambua 16S, jeni la herufi takriban 1,500 linalotumika kutambua bakteria. Wanafunzi hawakupanda ndege. Walikusanyika madarasani katika nchi zao, wakatazama mihadhara iliyorekodiwa na kuwauliza wakufunzi maswali kwa intaneti, wasaidizi wakiwa ubavuni.

Ujuzi huo una soko. Utafiti wa AWI-Gen 2, uliochapishwa 2025, ulichunguza kinyesi cha wanawake wapatao 1,800 wa Kenya, Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini, ukakuta bakteria wengi wasiokuwemo kwenye hazina za data. Kinyesi kimejaa bakteria, hivyo uchafu wa vifaa humezwa. Kwenye damu au ute wa mapafu, ambako bakteria ni haba, mgeni asiyejulikana huenda akawa ugunduzi, au akawa ametoka chupani.