Mwalimu wa Jiografia na Rekodi ya Stockholm

Sisi tunaokutana Hjulsta, kituo cha mwisho cha treni ya buluu, hatuko mbali na Stadion, uwanja wa Olimpiki ya 1912. Tarehe 7 Julai 1997 Wilson Kipketer alikimbia mita 800 pale kwa dakika 1 na sekunde 41.73, akaifikia rekodi ya dunia ya Sebastian Coe iliyodumu tangu 1981. Mwezi uliofuata akaivunja mara mbili.

Nyuma ya Kipketer kuna mwalimu. Colm O'Connell, bruda wa Kikatoliki kutoka Ireland, alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya bweni ya St. Patrick's. Riadha hakuisomea. Aliyekuwa akiwanoa wavulana ni Peter Foster, mwalimu kutoka Uingereza. Alipoondoka, kazi ikabaki kwa bruda.

Alijifunza kwa kutazama. Kwa maoni yetu, bweni lilimsaidia: kocha wa klabu humwona kijana saa mbili, lakini mwalimu wa bweni humwona darasani, bwaloni na uwanjani, akajua nani kachoka na nani ana mawazo. Mazoezi yake ni ya upole: mbio za polepole, mkao wa mwili, mikono, hatua. Hakuna kuharakishana. Huko ndiko alikotoka Peter Rono, dhahabu ya mita 1500, Seoul 1988. Baadaye wasichana nao wakaingia katika kambi zake za likizo. Janeth Jepkosgei akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007.

Kipketer, lakini, alikimbilia Denmark. Hapo klabuni kwetu palizuka ubishi: rekodi ile ni ya nani? Mwaka 1996 hakushiriki Olimpiki ya Atlanta kwa sababu uraia wa Denmark ulikuwa haujakamilika, ingawa alikuwa bingwa wa dunia. Sisi wenye pasipoti ya Sweden na shikamoo ya nyumbani tulimwelewa haraka. (Mmoja wetu bado anashikilia kwamba ni ya Kenya.)

Rekodi yenyewe ilikaa mpaka Agosti 2010, Berlin, ilipochukuliwa na David Rudisha, kijana mwingine aliyenolewa na O'Connell. London 2012 akaishusha hadi 1:40.91.

Jumamosi ijayo, baada ya mkutano, tutakimbia Järvafältet, polepole kama Iten. Walimu wetu, karibuni. Njooni na viatu.